Kambi ilibomolewa, daftari likabaki

Goma, Kivu ya Kaskazini – Siku hizi neno «wingu» linasikika hata midomoni mwa watu ambao hawajawahi kugusa ordinatere. Mwenye famasi anaambiwa kwamba stoki ya dawa zake iko «ndani ya wingu». Mwenye depo ya simenti anaambiwa kwamba madeni ya wateja wake yako huko huko. Mkurugenzi wa shule anaambiwa kwamba alama za wanafunzi haziwezi kupotea tena, kwa sababu ziko katika wingu. Wengine wanacheka, wengine wanatazama juu. Wachache wanauliza swali lenye maana: feza inayolipwa kila mwezi inalipia nini hasa, na siku ya vita au ya volkeno daftari hilo linakuwa wapi?

Swali hilo lilipata jibu mwaka 2025, kwa kikundi kimoja cha akiba cha akina mama waliokuwa wanaishi katika kambi ya wakimbizi wa vita upande wa magharibi wa Goma. Jina la kikundi, la kambi na la wahusika hayatajwi hapa, kwa usalama wao. Lakini mambo yaliyowapata yanaweza kuwafaa wengi, hasa familia zilizotawanyika na wafanya biashara wadogo ambao daftari ndilo mali yao ya mwisho.

Wingu haliko juu

Ndugu msikilizaji, wingu haliko juu. Liko chini, ndani ya nyumba kubwa zilizojaa ordinatere zisizozimwa mchana wala usiku. Nyumba hizo zina umeme wa njia mbili au tatu, majenereta, betri, mashini za kuleta baridi, na walinzi mlangoni. Ordinatere za namna hiyo zinaitwa seva. Mwenye nyumba anazigawanya vipande vipande kwa programu, kama vile mtu anavyojenga nyumba ndefu na kuipangisha chumba kwa chumba. Kila mpangaji anapewa chumba chake na ufunguo wake, na hamwoni jirani.

Biashara hii si ya zamani sana. Kampuni ya Amazon ya Marekani, ambayo watu walikuwa wanaijua kwa kuuza vitabu, ilianza mwezi wa tatu 2006 kupangisha nafasi ya kuweka data. Mwezi wa nane mwaka huo huo ilianza kupangisha ordinatere zenyewe kwa saa. Saa moja ilikuwa senti 10 za dola. Mbele ya hapo, mara nyingi mtu aliyetaka seva aliinunua nzima au aliikodi nzima, kwa bei ambayo kijana wa kawaida hangeweza.

Lakini bei za Amazon zina hesabu ndefu, na mtu mdogo anaweza kushtuka mwisho wa mwezi. Ndiyo maana vijana wengi wanaotengeneza programu peke yao wanaenda kwa makampuni yenye bei moja inayojulikana tangu mwanzo. DigitalOcean, iliyoanzia New York, ilijipatia jina kwa seva ndogo ya dola 5 kwa mwezi. Hetzner ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1997, ina vituo Nuremberg na Falkenstein, na pia Helsinki nchini Finlandi. OVH ya Ufaransa ilianzia mji wa Roubaix mwaka 1999. Kwa dola 4 hadi 6 kwa mwezi, mtu anapata chumba kidogo kinachotosha kabisa kwa daftari la famasi kumi.

Afrika nayo imeingia katika kazi hiyo. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Kinshasa nako kumejengwa nyumba za namna hiyo. Hata hivyo, kazi nyingi za vijana wa Goma bado zinalala Ulaya, kwa sababu huko ndiko bei iko chini.

Kutoka Goma hadi Ujerumani ni karibu kilometa 6 000 angani, lakini data haipiti angani. Inavuka mpaka kwenda Rwanda, inafika kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kisha inashuka ndani ya kebo zilizolazwa chini ya bahari hadi Ulaya. Safari yote, kwenda na kurudi, inachukua chini ya nusu sekunde. Kebo nazo zinakatika: tarehe 12 mwezi wa tano 2024, kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikakaa na intaneti ya kuvutana kwa siku kadhaa. Daftari halikupotea siku hizo. Barabara ya kulifikia ndiyo iliyoharibika.

Sanduku lenye funguo tatu

Vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC vinajulikana sana Kivu. Namna hiyo ya kuweka akiba ilianza Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika CARE, ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Wanachama 15 hadi 25 wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua sehemu, kuanzia moja hadi tano. Feza zinawekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu. Mwenye shida anakopa na kurudisha na faida kidogo. Mwisho wa mwaka kila mmoja anapata kilicho chake kufuatana na sehemu alizonunua.

Kikundi hiki cha kambini kilikuwa na akina mama 23. Wengi walikuwa wametoka Masisi, wengine Rutshuru. Sehemu moja ilikuwa franga 1 000. Walikuwa wanauza makala, ndizi, mboga na sabuni kati ya mahema. Mikopo yao ilikuwa midogo: franga 30 000 kwa mtaji wa makala, franga 50 000 kwa mtoto aliyelazwa hospitali.

Katikati ya mwaka 2024, Mama Prezida wa kikundi alimwendea kijana mmoja wa enformatiki anayefanya kazi katika chumba kimoja kartie Ndosho, mwenye paneli moja ya jua na betri ya gari. Kijana huyo alikuwa tayari na wateja wachache: famasi mbili, depo moja na shule moja. Mama Prezida alikuwa na sababu yake. Mvua ilikuwa imeingia ndani ya hema la sekretere, na kurasa nne za daftari zikawa maji ya wino. Kikundi kilikaa siku mbili kikigombana juu ya nani alinunua ngapi.

«Mwana wangu, unaweza kuniwekea daftari mahali mvua haifiki?» aliuliza.

«Inawezekana, Mama Prezida,» kijana alijibu. «Lakini kuna kodi ya kila mwezi.»

«Ngapi?»

Kijana alimwambia ukweli. Seva aliyokuwa anapanga ilikuwa dola 5 kwa mwezi, na mle ndani mlikuwa tayari wateja wengine. Kikundi kingelipa dola 1 kwa mwezi. Kwa wanachama 23, hiyo ilikuwa chini ya senti 5 za dola kwa kila mama. Mama Prezida alipeleka neno hilo kwenye mkutano. Mama mmoja mwenye umri, mweka hazina, alikataa. Alisema kwamba daftari la karatasi linanunuliwa mara moja tu na halirudi kila mwezi kuomba feza. Wengine walikubali, lakini kwa sharti: karatasi isiachwe.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya mkutano, sekretere aliandika katika daftari kwanza, kisha akaingiza hesabu zile zile katika simu. Kama konekisio ilikuwa mbaya, programu iliziweka hesabu ndani ya simu na kuzituma usiku, wakati mtandao unapofunguka. Kazi yote ilikula mega chache kuliko picha moja ya WhatsApp.

Mwezi wa kwanza na wa pili 2025

Mapigano yaliingia mjini Goma usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025. Umeme na maji vilikatika, intaneti nayo. Kila familia ya Goma inajua siku zile zilivyokuwa, hakuna haja ya kuzieleza tena. Juma mbili baadaye, mwezi wa pili, wakimbizi wa makambi ya kandokando ya mji waliamriwa kuondoka ndani ya siku chache. Mahema yalikunjwa, mbao zikabebwa, na watu wakaelekea kila upande: wengine kwenye vijiji walivyovikimbia, wengine Minova, wengine kwa ndugu mjini, wengine wakavuka hadi Uganda.

Funguo tatu za sanduku ziliondoka katika njia tatu. Sanduku lenyewe lilivunjwa usiku mmoja kabla ya kambi kubomolewa, na waliolivunja hawajulikani. Daftari la karatasi lilikuwa ndani ya mfuko wa sekretere. Mfuko huo ulipotea njiani, pamoja na nguo za watoto.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwa simu, kutoka Masisi hadi kambi ya Nakivale nchini Uganda, habari ilienda mbio: sekretere amekula feza. Mwengine alisema ni Mama Prezida. Mwengine alidai kwamba alikuwa na sehemu 90, wakati jirani yake alikumbuka 60. Mama mmoja aliyekuwa na deni alisema kwamba alikwisha kulipa. Sekretere ni mjane mwenye watoto watano. Alianza kukaa ndani kwa ndugu yake kartie Katoyi, bila kujibu simu, kwa sababu kila aliyempigia alimpigia kwa kumtukana.

Intaneti iliporudi, kijana wa enformatiki alifungua daftari. Hesabu za mkutano wa mwisho zilikuwa zimefika Ujerumani Jumamosi saa nne ya usiku, siku mbili kabla ya mapigano kuingia mjini. Zilisema hivi: kikundi kilikuwa na sehemu 1 200, maana yake franga 1 200 000. Kati ya hizo, franga 900 000 zilikuwa mikononi mwa wanachama tisa waliokopa. Franga 300 000 tu ndizo zilizokuwa katika sanduku.

Hesabu hiyo ilibadilisha mazungumzo. Kilichoibiwa ni robo ya mali, si mali yote. Ikiwa wakopaji wote tisa watarudisha, kila sehemu ya franga 1 000 itakuwa na thamani ya franga 750, bila kuhesabu faida. Mama mwenye sehemu 60 hatapata 60 000, atapata 45 000. Inauma, lakini ni hasara yenye kipimo, na imegawanywa kwa wote sawa na kila mmoja alivyoweka. Aliyedai 90 alionyeshwa tarehe zake moja moja, akakubali 60. Na mama aliyesema kwamba alilipa deni lake, kweli alikuwa amelipa nusu yake, tarehe 11 mwezi wa kwanza.

Ordinatere ya Ujerumani haikurudisha hata franga moja iliyoibiwa. Ilimrudishia sekretere jina lake. Katika maisha ya ukimbizi, ambapo mtu amekwisha kupoteza shamba, nyumba na mbuzi, jina ndilo dhamana ya pekee inayobaki. Bila jina hakuna atakayekukopesha hata kilo moja ya unga.

Hatari ilitoka upande mwengine

Hata hivyo, daftari hilo lilikaribia kufa mwezi mmoja baadaye, na si kwa risasi. Lilikaribia kufa kwa sababu ya dola 5.

Makampuni ya wingu hayapokei M-Pesa ya Kongo, wala Airtel Money, wala Orange Money. Mengi yanataka kadi ya Visa au Mastercard. Kijana alikuwa na kadi ya kuchaji mbele, iliyotolewa na benki moja ya mjini. Vita vilipofika, benki zote za Goma zilifunga milango. Watu waliokuwa na feza katika akaunti walivuka hadi Gisenyi kutafuta namna ya kuzitoa. Yeye alikuwa na franga mfukoni na hakuwa na njia ya kuziweka ndani ya kadi. Malipo ya mwezi wa pili yalipita kwa salio lililobaki. Ya mwezi wa tatu yalikataliwa.

Kampuni ilituma barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Seva ingezimwa, na baada ya siku kadhaa kila kitu kilicho ndani kingefutwa. Barua hizo zinaandikwa na mashini, na mashini haisikilizi redio. Haijui kwamba Goma haina benki. Inajua tu kwamba mpangaji namba fulani hajalipa.

Kijana alimpa mfanya biashara anayepita Bunagana dola 30, akazipeleka kwa dada yake Kampala, na dada yake akalipa kwa kadi yake. Feza zilifika siku tatu kabla ya tarehe ya kufuta. Dola 30 zilitosha miezi sita, kwa sababu kampuni hiyo inaruhusu mtu kuweka salio la mbele.

Hapa kuna somo kwa kila mfanya biashara wa Kivu anayeweka kazi yake katika wingu. Usimwulize kijana wako bei tu. Mwulize: unalipa kwa njia gani, na njia hiyo ikifungwa, iko ya pili? Nani mwengine ana ufunguo, ukipotea wewe? Seva imelipiwa hadi tarehe ngapi? Kulipa miezi mitatu au sita mbele si utajiri. Ni kuweka maji ndani ya bidoni kabla robine haijakauka.

Na cha bure kisimdanganye mtu. Kampuni ya Heroku ya Marekani ilikuwa inawapa vijana wa dunia nzima nafasi ya bure ya kuweka programu zao. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 2022, nafasi hizo za bure zilifungwa. Walioonywa na kusoma walihama. Wale ambao hawakufungua barua zao walikuta nyumba imefungwa. Cha bure ni kizuri kwa kujifunza, lakini daftari la watu lisilale huko.

Moto wa Strasbourg

Kuna wanaofikiri kwamba kitu kikiwa Ulaya hakiwezi kuharibika. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2021, moto ulizuka katika kituo cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja zima lenye ghorofa tano liliteketea, na la pili likaungua kwa sehemu. Maelfu ya tovuti yalizimika. Hakuna mtu aliyekufa, lakini wateja wengi walipoteza data zao milele, kwa sababu hawakuwa na nakala mahali pengine. Wengine walikuwa na nakala, lakini ndani ya kituo kile kile.

Watu wa Goma hawana haja ya kufundishwa jambo hilo kwa mfano wa Ufaransa. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, miezi miwili tu baada ya moto huo, Nyiragongo ililipuka, na lava ikafunika nyumba nyingi kaskazini mwa mji. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliombwa kuhama, na watu wakaenda Sake, Rutshuru na Gisenyi wakiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Ordinatere zilibaki mezani. Moto unaweza kutoka mlimani au kwenye nyaya. Anayeweka mbegu zake zote katika ghala moja amekwisha kukubali hasara, hata kama ghala ni la chuma.

Mafundi wana kanuni moja rahisi: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali. Makampuni mengi yanaongeza asilimia 20 juu ya bei ili kuchukua nakala kila mara, maana yake dola 1 kwa seva ya dola 5. Ni vizuri, lakini nakala hiyo inakaa kwa mwenye nyumba yule yule. Ukigombana naye juu ya malipo, nakala nayo inafungiwa. Kwa hiyo, tangu mwezi wa nne 2025, kijana wa Ndosho anashusha nakala kila Jumapili katika kadi ndogo ya simu, na nyingine anaituma kwa kampuni tofauti. Daftari la akina mama 23, na historia yake yote, ni dogo kuliko wimbo mmoja.

Nakala isiyofunguliwa bado ni matumaini tu. Mara moja kwa mwezi anaichukua, anaifungua katika ordinatere nyingine, na kuangalia kama sehemu bado ni 1 200.

Majina ni mzigo

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito. Orodha ya wakimbizi wa vita, yenye majina, namba za simu na vijiji walikotoka, ni kitu cha hatari ikiangukia mikono mibaya. Kijana alipotengeneza programu mara ya kwanza, aliweka nafasi ya kuandika kijiji cha asili na namba ya kadi ya uchaguzi. Mama Prezida ndiye aliyezikataa. «Kwa nini ordinatere ijue nilikotoka?» aliuliza. «Inatosha ijue nina sehemu ngapi.»

Alikuwa na haki, na alikuwa mbele ya wataalamu wengi. Leo daftari lina namba ya mwanachama na jina moja tu, lile ambalo akina mama wanaitana. Namba za simu zimefungwa kwa maneno ya siri ambayo hayaandikwi popote. Sekretere akipita kwenye kizuizi na simu ikakaguliwa, hakuna cha kuonekana isipokuwa picha za watoto. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Kongo ina sheria ya mambo ya numeriki, inayosema pia juu ya kulinda habari za watu binafsi. Lakini ulinzi ulio bora ni kutoandika kabisa kile ambacho hakihitajiki.

Mashirika yanayoandikisha familia kwa msaada yanaweza kuchukua somo hapo. Mama anayesimama kwenye mstari tangu asubuhi ana haki ya kuuliza: jina langu linaenda wapi, nani atalisoma, na litafutwa lini?

Hesabu ya leo

Kati ya wakopaji tisa, sita wamekwisha kurudisha chote, wengi kwa M-Pesa, kidogo kidogo. Mmoja analipa franga 2 000 kila juma kutoka Minova. Wawili hawajapatikana, na namba zao hazipiti. Kikundi kimeamua kutowafuta. Majina yao yanabaki katika daftari na deni lao, kwa sababu, kama akina mama walivyosema, deni la mtu likiandikwa bado, ni kama anangojewa.

Mweka hazina yule mwenye umri naye hajabadilisha neno lake kuhusu kodi ya kila mwezi. Sasa anaishi kwa mtoto wake kartie Mugunga. Mwezi wa tano aliomba kitu kimoja: kila mwisho wa mwezi, hesabu zitolewe kwa karatasi kwenye duka la fotokopi, kurasa mbili, franga 400, na yeye azihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Kijana alikubali mara moja. Hiyo ni nakala ya nne, na ndiyo pekee ambayo haihitaji umeme, kadi wala mpaka ulio wazi.

Seva imelipiwa hadi mwezi wa tisa. Kikundi kimeanza kukusanya kwa ajili ya miezi sita inayofuata, na feza hiyo inaandikwa katika mstari wake peke yake, chini ya mfuko wa msaada, pamoja na ya hospitali na ya mazishi.